Suruali Isiyo na Akiba

Nilichokuwa nakitaka kilikuwa kimoja tu: mume wangu arudi kitandani. Nalisema wazi mapema, kwa sababu watu wakisikia mwanamke wa umri wangu anasema hivyo huanza kucheka wakijifunika mdomo. Wacheke. Kitanda tulikinunua pamoja, godoro tulilichagua pamoja tukalijaribu dukani mpaka muuzaji akaona haya, na sasa nilikuwa nalala katikati yake peke yangu, mwenzangu yuko sebuleni, ameketi wima kwenye kiti, na mto nyuma ya shingo.

Kiungulia ndicho kilichomhamisha. Kilianza kidogokidogo baada ya chakula cha jioni, moto unapanda kutoka tumboni hadi kooni, anameza mate, anakunja uso, anasema si kitu. Kisha kikaanza kumfuata kitandani. Akilala chali tu, uchungu unapanda mpaka mdomoni, anakurupuka akikohoa, anaketi ukingoni ameshika kifua. Mimi naamka, nampa maji, namsugua mgongo. Asubuhi tunaamka wote wawili macho mekundu, na kazi yetu ni ya sindano, haitaki macho mekundu. Siku moja akachukua mto wake akasema anakwenda kukaa kidogo sebuleni mpaka kitulie. Hiyo kidogo ikageuka miezi.

Sisi ni mafundi nguo. Yeye ndiye Fundi, na jina lake hasa hata wateja wa zamani hawalijui. Mimi naitwa Mama Vifungo, kwa sababu vifungo, matundu yake na mapindo yote ni yangu, pamoja na kuwapima wanawake. Yeye anawapima wanaume, anakata na kushona. Duka letu ni chumba kimoja kinachotazama barabara: cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na pazia la kubadilishia nguo. Nyuma ya ukuta ndiko tunakoishi. Tumekaa hivyo tangu kabla binti yetu hajazaliwa, na sasa binti mwenyewe ana watoto wake, yuko mbali, anatupigia simu kila akipata nafasi ya kutugombeza.

Fundi ni mtanashati, hilo simnyimi. Anasema fundi nguo ni tangazo la duka lake, akivaa ovyo nani atamletea kitambaa? Kwa hiyo shati limenyooka, suruali imekaa kiunoni bila mkunjo, mkanda umekazwa, na yeye mwenyewe amesimama kifua mbele, tumbo ndani. Wateja humwambia, Fundi, wewe huzeeki. Naye hujibu kwamba siri ni kushonewa na fundi mzuri. Alikuwa akijigamba kwamba kiuno chake hakijabadilika tangu siku aliyonioa, na kweli suruali zake zote alizikata kwa kipimo kilekile, kutoka kichwani, bila kujipima. Mimi nilimwacha ajisifu. Kila mtu ana kiburi chake, na chake hakikuwa kinamuumiza mtu. Ndivyo nilivyodhani.

Kiungulia kilipozidi, kila aliyepita dukani akawa daktari. Jirani yetu fundi viatu alimwambia atafune hiki, muuza maji akamwambia anywe kile, na Fundi alitafuna na kunywa vyote, moto ukabaki palepale. Mwishowe binti yetu akapiga simu akasema maneno makali, ambayo aliyarithi kwangu, nasi tukaenda zahanati. Walimpima moyo kwanza, wakasema uko sawa, na hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimeushika mkono wake tangu tulipoingia. Daktari akampa vidonge, akamwambia apunguze chakula cha jioni na asilale mara tu baada ya kula. Kisha akatupeleka kwa nesi mmoja mwembamba, mwenye sauti ya chini, atufundishe mazoezi ya kupumua.

Fundi alinitazama kwa pembe ya jicho. Nilijua anachowaza: amepumua tangu azaliwe na hakuna aliyewahi kumlalamikia. Lakini nesi alieleza vizuri. Alisema chini ya mapafu kuna msuli mpana uliokaa kama kifuniko kati ya kifua na tumbo, na njia ya chakula inapenya katikati yake. Msuli huo ukifanya kazi sawasawa unasaidia kuubana mlango wa tumbo, ili kilichoshuka kisipande tena. Basi aufanyishe mazoezi: mkono mmoja kifuani, mwingine tumboni, avute pumzi taratibu kwa pua, aitoe taratibu kwa mdomo kama anayepoza chai. Alisema si muujiza, inataka subira, na vidonge asiviache. Akaongeza kwamba akilala alalie ubavu wa kushoto, na kitanda kiinuliwe kidogo upande wa kichwani. Nje foleni ilikuwa ndefu. Alimtazama Fundi akipumua mara chache huku ameketi na koti lake mwilini, akamwambia vizuri baba, endelea nyumbani.

Na kwa kuendelea, Fundi hana mpinzani. Kila asubuhi kabla hatujafungua duka alisimama mbele ya kile kioo, mkono mmoja juu na mwingine chini, akavuta pumzi mpaka kifua kikajaa na mabega yakapanda. Nilimtazama nikiwa na kitambaa cha kufutia vumbi mkononi, nikajivunia. Nikahesabu moyoni kwamba baada ya muda si mrefu nitampata mtu wangu.

Sikumpata. Kiungulia hakikupungua, na siku nyingine kilimpanda hata akiwa kwenye cherehani mchana kweupe. Fundi akaanza kusema kwamba mazoezi ni ya kuwazuga wazee wasimalize dawa za zahanati. Sebuleni nako mambo yakawa yanakua. Kwanza lilihamia blanketi. Kisha kikaja kigoda cha kunyooshea miguu. Halafu siku moja nikakuta miwani yake ya kusomea haiko tena kando ya kitanda, iko kwenye kidirisha cha sebuleni. Mtu akihamisha miwani, huyo amehama. Nilikaa kitandani nikalia kidogo, nikanawa uso, nikaenda kushona vifungo.

Kilichonitisha zaidi ni habari ya seremala. Fundi aliniambia, kama anayenitangazia jambo jema, kwamba amezungumza na seremala wa mtaa wa pili amtengenezee kiti cha kulalia, kirefu, chenye mgongo wa kuegemea na mahali pa miguu. Seremala angepita siku chache zijazo kuchukua vipimo vya sebule. Nilimjibu kwamba sebule yetu ni ndogo. Akasema kitaingia. Nilimfahamu Fundi na vitu vyake vya kutengenezesha: kiti hicho kikiingia mlangoni, mume wangu hatoki tena sebuleni mpaka siku ya kuzikwa.

Siku hiyohiyo aliingia mteja mmoja, mwalimu mnene mwenye tabasamu, anataka koti. Mimi nilikuwa kwenye kona yangu na sindano. Fundi akamzungushia futi kifuani, pini zimejaa mdomoni, akamwambia kwa sauti ya puani kama anavyowaambia wote: vuta pumzi, jaza kifua. Mwalimu akavuta. Kifua kikapanda, mabega yakapanda, na lile tumbo lake lote likapotea chini ya mbavu.

Sindano yangu ikasimama. Nilimtazama mwalimu, nikamtazama Fundi, nikatazama kile kioo. Hivyo ndivyo mume wangu alivyokuwa akifanya kila asubuhi. Nesi alimwambia vuta pumzi, naye akatii agizo ambalo mwenyewe amekuwa akilitoa tangu ujana wake: jaza kifua, ficha tumbo. Na kazi yenyewe ndiyo iliyomfunza. Mtu anayeshinda ameinamia cherehani, pini zimejaa kati ya midomo, atapumuaje mpaka chini? Anaibaiba hewa juujuu asije akameza pini.

Mwalimu alipoondoka nilimwambia Fundi apumue kama nesi alivyosema, nikamzungushia futi tumboni. Akavuta pumzi kwa heshima zote. Futi ikalegea mikononi mwangu. Badala ya tumbo kutoka, lilikuwa limeingia. Nikamwambia mkono wa tumboni ndio unaotakiwa kusukumwa, wa kifuani utulie. Akasema ndivyo anavyofanya. Nikamwambia ajaribu tena, akajaribu, yakapanda mabega tu. Mwishowe akakiri kwamba chini kunakataa, kama kumefungwa.

Nikamwambia kumefungwa kweli, na kamba yenyewe ni suruali. Alinitazama kana kwamba nimemtukania mama yake, akachukua kofia, akasema anakwenda kununua uzi.

Hapa lazima nieleze jambo la kazi yetu. Fundi hashoni suruali ya mteja bila kuacha akiba. Kwenye mshono wa nyuma, ndani, anaacha kitambaa cha ziada kimekunjwa, ili mwenyewe akinenepa arudi afumuliwe, atanuliwe, aendelee na maisha. Husema binadamu hanenepi kwa ruhusa ya fundi. Nimefumua akiba za watu wengi katika mji huu, wakubwa kwa wadogo, na hakuna anayejua za mwenzake. Basi yeye alipotoka nilichukua suruali yake moja nyuma ya mlango, nikakaa, nikaanza kuufumua mshono wa nyuma. Nilikusudia kuitanua kimyakimya, aivae asijue.

Hapakuwa na akiba. Kitambaa kilikatwa mpaka karibu na uzi wenyewe, hakikubaki hata cha kushikia kwa kucha. Nikachukua ya pili, ikawa vivyo hivyo, na ya tatu. Mji mzima kawaachia nafasi ya kunenepa, kasoro yeye. Mganga hajigangi, wahenga hawakukosea.

Aliporudi na uzi wake alinikuta nimekaa na suruali zake tatu mapajani, zote wazi nyuma. Nilijiandaa kwa ugomvi, na kusema kweli nilikuwa nautaka. Lakini hakugomba. Aliweka uzi mezani, akavuta kigoda, akakaa mbele yangu.

"Ningeacha akiba, ningeitumia," akasema.

Nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako, nikidhani atacheka. Hakucheka. Alikuwa akizitazama zile nguo kwa uso ambao sijamwona nao tangu binti yetu alipoondoka nyumbani, na hasira zangu zote zikaniishia. Niliinuka, nikasukuma mlango wa duka mpaka ukafungika, nikamwambia asimame mbele ya kioo, avue mkanda, alegeze kifungo, nimpime. Katika miaka yetu yote nilikuwa sijawahi kumpima. Wa kupima wanaume alikuwa yeye.

Akasimama. Nikamzungushia futi kiunoni, na papo hapo, bila hata kujua, akaliingiza tumbo ndani. Wote hufanya hivyo. Hakuna mtu, mwanamume wala mwanamke, anayezungushiwa futi asilifiche tumbo, na fundi anayekiamini kipimo hicho atashona nguo ya mtu mwingine. Dawa yake, Fundi mwenyewe ndiye aliyenifundisha nilipoanza kazi: usimwambie mteja alegee, ukimwambia atakaza zaidi. Mpigie soga. Endelea kushika futi, msimulie kitu, mpaka asahau kwamba ana tumbo, ndipo usome.

Basi nikampigia soga. Nikamkumbusha siku aliyokuja nyumbani kwetu mara ya kwanza kujitambulisha kwa baba yangu. Alikuja na suruali mpya aliyojishonea mwenyewe, imembana kiasi kwamba asingeweza kukaa. Baba akamkaribisha kiti, akasema asante mzee, nitasimama. Akakaribishwa tena, akasema yuko sawa. Akasimama mazungumzo yote, akanywa chai amesimama, akaaga amesimama. Nyumbani kwetu ikawa hadithi, kwamba kijana yule ana adabu ya ajabu, hakai mbele ya wakubwa.

Fundi akaanza kutabasamu kwenye kioo. Hiyo sehemu anaijua na anaipenda, huwasimulia wajukuu.

"Basi kuna kipande hujawahi kukisikia," nikamwambia. "Ulipogeuka kutoka, mshono wa nyuma ulikuwa umeachia wote. Baba aliona. Tuliona sote."

Aligeuza shingo kunitazama, mdomo wazi. Nikamwambia ageuke mbele, sijamaliza.

"Mama alitaka kucheka, Baba akamzuia. Akasema, kijana anayekubali kubanwa hivi kwa ajili ya binti yangu, huyo atamtunza. Kisha akanigeukia: ila siku mkikaa wawili, umwambie akae."

Kicheko kikamtoka. Hakikuwa kile cha dukani cha kuwafurahisha wateja. Kilitoka chini kabisa, kikamtikisa, machozi yakamtoka, akashika kingo za kioo asianguke. Na tumbo likatoka nalo, likajaa, likaisukuma futi mpaka ikateleza kwenye vidole vyangu. Nikaikamata hapohapo, nikakandamiza kidole gumba kwenye ngozi yake, nikamwambia, hapa, pumulia hapa palipotoka kicheko, kifua kiache.

Akavuta pumzi kwa pua, bado anacheka kidogo. Kidole changu kikasukumwa. Akaitoa taratibu kwa mdomo, kidole kikarudi. Akafanya tena. Mabega yalikuwa yametulia. Alikuwa analitazama tumbo lake kwenye kioo kama mtu anayemwona mgeni sebuleni mwake na hajui amsalimie vipi.

"Nilitaka uwe unaniona kama siku ile," akasema polepole.

"Siku ile ulikuwa umepasuka nyuma," nikamjibu. "Nimeolewa na wewe. Sikuolewa na kiuno."

Akaushika mkono wangu uliokuwa na futi, akaubana hapohapo tumboni. Tulisimama hivyo mpaka mtu akagonga mlango akitaka nguo yake, nikamwambia arudi baadaye.

Mchana uleule alijikatia suruali mpya kwa kipimo nilichomsomea mimi. Nilimwona anakunja akiba nyuma, pana kuliko anayowaachia wateja. Mkanda ukatundikwa msumarini. Na mazoezi tukayaanza upya. Sasa alikuwa analala chali kwenye meza ya kukatia, koti limekunjwa chini ya kichwa na mabega, magoti yamekunjwa, na juu ya tumbo nikamwekea kopo langu la vifungo. Akipumua kwa kifua, kopo linakaa kimya. Akipumua sawasawa, linapanda na kushuka, na vifungo vinasogea ndani vikitoa sauti ndogo. Nilikuwa nakaa kwenye kona yangu nashona huku nasikiliza. Vikinyamaza, nakohoa. Vikianza tena, naendelea na pindo langu.

Haikuwa kazi ya siku moja. Kuna siku moto ulipanda palepale, akavunjika moyo, nikamrudisha mezani kwa maneno makali kama ya binti yetu. Lakini siku za moto zikawa zinaachana. Akawa anakula chakula cha jioni mapema, kidogo, mkanda ukiwa msumarini, na baada ya muda anapumua na kopo lake. Alipokwenda tena zahanati nesi alimlaza kwenye kitanda chao, akaweka mkono wake mwenyewe kuangalia, akasema sasa ndivyo, na akasikitika kwamba mara ya kwanza hakumvua koti. Nikamwambia nesi, mwanangu, usijilaumu, hata mimi ninayeishi naye sikuona.

Seremala naye alipita, futi begani, kuja kupima sebule kwa ajili ya kile kiti. Nilikuwa nashona tundu la kifungo, nikajifanya siwasikii, ingawa tundu lile nililiharibu. Fundi akamwambia kiti hakihitajiki tena. Anataka vipande viwili vya mbao nene, sawasawa, vya kuwekea chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani. Seremala akauliza kama kitanda kimelegea. Fundi akasema kitanda ni kizima, mwenye kitanda ndiye aliyekuwa amelegea.

Siku ya mapumziko tulifunga duka mapema, tukaziweka zile mbao, tukakijaribu kitanda mchana, dirisha wazi na jua limefika kwenye shuka. Kitanda chetu kimeegemea ukuta, na tangu binti yetu akiwa mchanga Fundi hulala ukutani, mimi nje, kwa sababu mimi ndiye ninayeamka kwanza. Akapanda, akajilaza mahali pake, akageukia ubavu wa kushoto kama alivyoagizwa. Ukuta ukawa mbele yake. Mimi nikabaki natazama mgongo.

Kisha akasema, kwa ukuta, kwamba kama ni hivi basi hajarudi kwangu, karudi kwa ukuta. Nikamwambia asogee. Akauliza asogee wapi. Nilimpanda nikavuka, goti langu likamchoma ubavuni akalalamika, nikajipenyeza mimi ukutani nikamsukuma aje nje. Akalalia tena kushoto. Sasa uso wake ulikuwa mbele ya wangu, karibu, na mvi za nyusi ambazo kwa miezi ile nilikuwa nimezisahau. Akauliza nitaamkaje asubuhi nikiwa nimezibwa hivi. Nikamwambia hiyo ni kazi ya kesho.

Na kesho yake ilipofika, macho yalinifumbuka kwa wakati wake wa kila siku. Kulikuwa kumepambazuka, na barabarani fundi viatu alikuwa keshaanza kugongagonga. Nilitaka kushuka, nikakumbuka niko ukutani, na njia ya kutoka imezibwa na mume wangu, amelala kwa ubavu wa kushoto, mdomo wazi kidogo, hakohoi, hajaketi popote. Miwani yake ilikuwa kando ya kitanda. Nikauingiza mkono chini ya shuka nikapatafuta pale mahali pa kidole gumba. Mkono ukainuka, ukashuka. Nikafumba macho. Wateja wangegonga mlango, wangesubiri, na mwenye haraka angerudi mchana.